Kabla hujalipia kozi ya CBT, uliza nani atakusikiliza

Cheti changu cha kwanza cha CBT, yaani tiba ya fikra na tabia, nilikipata saa sita usiku nikiwa nimekaa kwenye ngazi za soba hausi yetu, nyumba ya waraibu wanaoacha dawa za kulevya, hapa Tanga, maana ndani mtandao haushiki. Asubuhi yake nikakaa na kijana aliyerudia unga, yaani dawa za kulevya, baada ya miezi minne bila kutumia. Nikamuuliza, "Kwa nini umerudi?" Akainamisha kichwa. "Shetani tu, dada." Nikaishiwa maneno.

Wengi mnaniuliza kozi ipi ya mtandaoni ni nzuri kwa anayehudumia waraibu. Jibu langu ni ile yenye mtu atakayekusikiliza ukiwa kazini. Video peke yake zitakuwezesha kuieleza CBT vizuri sana, lakini kukaa na mtu aliyetoka juzi kwenye arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, ni kazi nyingine kabisa.

Hili limewahi kupimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwemo Kathleen Carroll, walichapisha utafiti wa washauri 78 waliogawanywa makundi matatu. Kundi moja lilisoma mwongozo tu, la pili likaongezewa mafunzo ya mtandaoni, la tatu likapata semina na kisha msimamizi wa kufuatilia kazi yao. Waliokuwa na msimamizi walionyesha ustadi zaidi kuliko waliosoma mwongozo tu. Wa mtandaoni walikaa katikati. Kwa hiyo kozi ya mtandaoni inasaidia, ila usiishie hapo.

Kozi yangu ya pili ilikuwa na msimamizi. Nilikuwa narekodi mazungumzo, kwa ridhaa ya mteja na bila kutaja jina lake, kisha tunasikiliza pamoja. Rekodi ya kwanza aliisimamisha dakika ya tatu. "Ukimuuliza mraibu kwa nini, anasikia unamshtaki. Muulize alikuwa wapi."

Nikamrudia yule kijana. Alikuwa wapi? Ilikuwa Ijumaa saa tisa, ametoka kubeba mizigo, amelipwa elfu kumi na tano. Alipita njia gani? Ya sokoni, na si ile fupi ya kuja kwetu. Na alipokuwa anatembea, kichwani alikuwa anajiambia nini? Hapo alinyamaza muda mrefu, anakunja na kukunjua ukosi wa shati. "Nilijiambia naenda kuwasalimia masela tu."

Basi, fikra yenyewe ndiyo hiyo. Kete ya unga ilikuja baadaye sana. Tukachora kwenye karatasi ya daftari: hela mkononi, njia ya sokoni, "nawasalimia tu", maskani, kete, halafu aibu, na aibu ndiyo iliyomrudisha maskani kesho yake. Baada ya kuichora, yeye mwenyewe akasema malipo ya Ijumaa yaingie kwenye simu ya dada yake. Sikumshauri mimi.

Jambo jingine, karatasi za mazoezi zitafsiri kwa maisha ya watu wako. Zangu zilikuwa zinauliza kuhusu sherehe za wikiendi na mvinyo ulio kwenye friji. Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyejenga mbinu za kuzuia mtu asirudie, alifundisha kuitazama hamu kama wimbi: usipambane nalo, lisubiri lipite. Watu wa pwani hilo hawahitaji kuelezwa mara mbili. Mimi huwaambia maji yakijaa hayakai, lazima yapwe, na hamu kwa kawaida haichukui hata muda wa maji. Wengi wanasema ndani ya nusu saa imeshashuka.

Nawaomba sana, cheti kisikupe ujasiri wa kugusa yasiyo yako. Methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, imekuwa ikitolewa Hospitali ya Muhimbili tangu 2011, na mtu anayeitumia usimwambie aiache kwa kuwa sasa ana CBT. Viwili hivyo vinakwenda pamoja. Mlevi wa pombe wa miaka mingi akikatisha ghafla anaweza kupata degedege na kufa, huyo mpeleke hospitali kwanza. Na aliyekaa miezi bila heroini, mwili wake umeshasahau kiwango cha zamani. Akirudia kipimo kilekile kinaweza kumuua. Mwambie hivyo waziwazi, na familia yake ijue.

Kuhusu hela: kabla hujatuma, uliza saa ngapi za usimamizi zimo ndani ya ada, kama kuna igizo dhima, yaani kufanya mazoezi mmoja akijifanya mteja, na kama msimamizi amewahi kuhudumia waraibu au anajua msongo wa mawazo tu. Uliza pia kama video zinapakuliwa, maana kutazama moja kwa moja kunamaliza bando. Usipokuwa na uwezo, mwongozo wa Carroll wa 1998 kuhusu kokeini ulitolewa na NIDA, taasisi ya serikali ya Marekani, na unasomeka bure. Una mpango wa wiki 12 unaoweza kuufuata hatua kwa hatua. Usome na mwenzako.

Sisi tuko watatu. Kila Jumatano jioni tunapigiana simu: mmoja anakuwa mteja, mmoja mshauri, wa tatu anasikiliza na kuandika kila "kwa nini" iliyotoka. Wiki iliyopita kwangu zilitoka mbili.