Vidole, damu na mgongo wa mama: kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja

Mama yangu anapika vitumbua hapa Ngamiani, Tanga. Siku niliyojua mambo si mazuri ni ile aliyoniita jikoni nimkamulie tui. Alikuwa ameshika kifumbu kwa mikono miwili, machicha yamejaa, vidole vimevimba kwenye maungio kama tangawizi, na tui linadondoka tone tone. Tangu nipate akili sikuwahi kumsikia mama akiomba msaada wa kukamua tui.

Alikuwa na miaka 56. Sote tulisema ni baridi, maana anaamka saa tisa usiku na upepo wa bahari unapenya hadi uani. Tukawa tunamchua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Baadaye akaanza kizunguzungu, viganja vikapauka. Zahanati wakampima, damu 8.4. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, majirani nao wakaleta choya, rozela nyekundu ya kuchemsha, jagi kwa jagi. Miezi mitatu baadaye alipopimwa tena, damu 8.6.

Katikati ya hapo, duka moja la dawa lilimuuzia vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi, bila jina. Siku ya pili tu vidole vikafunguka! Mama akarudi kwenye vitumbua vyake, uso ukajaa, watu wakamsifu kuwa amenawiri. Alivinywa miezi saba. Kisha asubuhi moja aliinama kunyanyua ndoo ya maji ambayo haikufika hata nusu, akasikia kitu kimelia mgongoni. Picha ya eksirei ilionyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Hakuanguka, wala hakugongwa na kitu.

Daktari aliyetusaidia ni kijana. Alimwamkia, akamshika mikono, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Mama, ukiamka, vidole vinachukua muda gani hadi vikunjuke?" Mama akajibu kwamba anaamka saa tisa na hadi jua linachomoza bado vinagoma. Maumivu ya kazi huwa yanaongezeka kadiri unavyofanya kazi. Ugumu wa asubuhi unaopita saa nzima, tena mikono yote miwili, unaonyesha kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia maungio. Vipimo vikathibitisha: baridi yabisi.

Mimi nilikwenda na malalamiko matatu, vidole, damu na mgongo, nikidhani nitaelekezwa milango mitatu. Yeye akachukua karatasi akachora mfupa mmoja. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kuhusu jambo hili, na nataka ulielewe kama nilivyolielewa mimi.

Mfupa haujatulia kama jiwe. Kila mwaka karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Wajenzi wanaitwa osteoblasti, na wabomoaji osteoklasti. Lililonishangaza ni ukoo wa hawa wabomoaji. Wanazaliwa ndani ya uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa, kutoka kwenye chembe zilezile zinazozaa makrofaji, yaani askari wa kinga wanaomeza vijidudu. Ni ndugu wa damu, kwa hiyo kinga ikipiga mbiu ya vita, nao wanaisikia. Mbiu yenyewe ni protini. Kuna RANKL, ambayo wanasayansi waliitambua mwishoni mwa miaka ya 1990, inayowaamuru wabomoaji wakomae na kuanza kazi. Kuna TNF na intaleukini-6 zinazoichochea zaidi. Kwenye ungio lililovimba, limfosaiti T, ambazo nazo ni askari wa kinga, na utando wa ungio wenyewe hutoa amri hizo mchana na usiku, na mfupa unaliwa haraka kuliko unavyojengwa. Mwaka 2000 elimu hii ikapewa jina lake, osteoimunolojia.

Na damu je? Intaleukini-6 hiyohiyo huenda hadi kwenye ini na kuliamuru litoe homoni iitwayo hepsidini. Sasa fuatilia hesabu. Uboho unahitaji kama miligramu 20 hadi 25 za madini ya chuma kila siku ili kutengeneza chembe nyekundu. Chakula kinatuletea miligramu 1 au 2 tu. Zinazobaki hutoka kwa makrofaji, ambazo humeza chembe nyekundu zilizozeeka, zile zilizomaliza takriban siku zao 120, na kurudisha chuma chake kwenye mzunguko. Hepsidini ikipanda, mlango huo unafungwa. Chuma kinabaki ndani ya makrofaji, na utumbo nao unakataa kupokea kipya. Mama alikuwa anakunywa vidonge na choya, ghala limejaa na ufunguo umefichwa.

Ndani ya uboho kuna makrofaji nyingine zinazofanya kazi ya ulezi. Moja hukaa katikati, chembe nyekundu changa zimeizunguka kama watoto kwenye mkeka, na kila changa inapotupa kiini chake ili ikomae, mlezi hukimeza. Kinga ikivurugika, hata malezi haya yanavurugika.

Vile vidonge vyeupe, daktari aliamini ni prednisoloni. Ni dawa halali na madaktari huitumia, kwani hutuliza kinga haraka. Lakini ikinywewa miezi mingi bila uangalizi hudhoofisha wajenzi wa mfupa. Mama alikuwa ameshakoma hedhi, na homoni ya kike iliyokuwa inawazuia wabomoaji ilishapungua. Vitu vitatu vikaangukia mgongo mmoja.

Kwa hiyo, kama una mzazi mwenye vidole vilivyovimba na damu isiyopanda, nakusihi usiongeze chupa nyingine ya dawa ya damu kabla ya kuuliza kwa nini haipandi. Omba apimwe CRP au ESR, vipimo vya damu vinavyoonyesha kama kuna uvimbe wa ndani unaotokana na kinga kupigana. Akipimwa feritini, yaani akiba ya chuma, mkumbushe daktari kuhusu vidole, kwa sababu uvimbe huipandisha feritini na kumfanya mtu aonekane ana chuma cha kutosha. Wala sisemi vidonge vya chuma havina kazi. Mwenye minyoo ya safura au hedhi nzito anavihitaji kweli. Na kama mgonjwa anatumia diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku, sema, maana inaweza kutoboa vidonda tumboni na damu ikapotea taratibu.

Beba dawa zote, hata karatasi tupu. Kama ni prednisoloni ya muda mrefu, usiikatishe ghafla nyumbani. Mwili unakuwa umeacha kujitengenezea homoni yake, na kuacha kwa kishindo kunaweza kuua. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari.

Mama sasa anatumia methotreksati, dawa ya kutuliza baridi yabisi. Hii hunywewa mara moja kwa wiki. Naandika tena: kwa wiki. Kuna watu wameinywa kila siku kwa kutoelewa, ikauangusha uboho wao na wakapoteza maisha. Ndiyo maana anapimwa damu na ini mara kwa mara, na amepewa asidi ya foliki. Kwa ajili ya mifupa, dagaa tunamnunulia mzima na miba yake, mtindi hapa Tanga haukosekani, na asubuhi anakaa uani mikono wazi apate jua.

Damu ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 11.3, na vidonge vya chuma tulishaacha kwa ushauri wa daktari. Mgongo umebaki na kibyongo kidogo, na ndoo nabeba mimi. Kwenye kalenda iliyo juu ya jiko kila Ijumaa imezungushiwa wino mwekundu, na akishameza dawa yake anaikata kwa mstari, kwa mkono wake mwenyewe.