Maswali na majibu: thredi, -pthread na linka inayogoma

Programu yangu ya C inapita freshi kwenye kompyuta yenye Ubuntu 22.04, nikiipeleka kwenye seva ya 20.04 linka (inayounganisha vipande vya kodi kuwa programu moja) inalia undefined reference to `pthread_create'. Faili ni lile lile, shida nini?

Shida ni umri wa glibc, laibrari ya msingi ya C kwenye Linux, mkuu. Zamani thredi, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja, zilikaa kwenye laibrari yao pembeni, libpthread, usipoitaja linka haina habari nayo. Kuanzia glibc 2.34 ya Agosti 2021 zikahamishiwa ndani ya libc yenyewe, hiyo laibrari ya msingi, kwa hiyo 22.04 yenye glibc 2.35 inakusitiri hata ukisahau flagi, ila 20.04 bado ina 2.31 na haikusamehi. Piga `ldd --version` kila mashine utaona. Andika `gcc main.c -o main -pthread` na uiache hapo hapo, usije ukaitoa eti kwako inapita bila yenyewe, maana huyo atakayekompaili kwenye seva ya zamani ndo atakayekulaani.

Kwani -pthread na -lpthread si kitu kimoja?

Sio. -lpthread ni ujumbe wa linka tu, niletee hiyo laibrari basi. -pthread anaambiwa kompaila na inashika pande zote mbili: wakati wa kukompaili inawasha makro ya _REENTRANT (alama kwamba kodi inatumia thredi), wakati wa kulinki inaongeza kinachohitajika kwenye mfumo huo. Ndo maana iwekwe kote, kwenye CFLAGS (flagi za kukompaili) na LDFLAGS (za kulinki). Wala usiniamini mimi, muulize gcc mwenyewe:

`gcc -pthread -dM -E - < /dev/null | grep REENTRANT`

Rudia bila -pthread, hutaona kitu. Na ukitaka kujua linka anapewa nini, piga `gcc -### main.c -pthread`, inakuonyesha amri zote bila kuziendesha. Mi hii naipenda kuliko kukariri majibu ya watu.

Nimeweka -lpthread na bado inagoma!

Umeiweka mwanzo, sivyo? Linka inasoma kushoto kwenda kulia, ikikuta laibrari kabla ya faili linaloihitaji inaweza kuiruka. Ipeleke mwisho, au tumia -pthread uachane na hizo hesabu.

Ya kwangu ni C++, imekompaili vizuri kabisa ila nikiiendesha inakufa na std::system_error, "Enable multithreading to use std::thread".

Ugonjwa ule ule, tena mbaya zaidi, kwa sababu kwenye glibc za zamani linka inakaa kimya halafu std::thread inakuja kufia mbele ya mteja. Weka -pthread, linki upya.

Kwenye CMake, ile zana ya kuandaa ujenzi wa programu, naandika nini?

`find_package(Threads REQUIRED)` halafu `target_link_libraries(app PRIVATE Threads::Threads)`, app ni jina la programu yako. Ukitaka ipendelee -pthread, weka `set(THREADS_PREFER_PTHREAD_FLAG ON)` kabla ya find_package, baada yake haisaidii. Wanaotumia Autoconf, zana nyingine ya kazi hiyo, wana makro ya AX_PTHREAD, inawajazia PTHREAD_CFLAGS na PTHREAD_LIBS.

NDK ya Android (vifaa vya kujengea kodi ya C na C++ kwa Android) inasema cannot find -lpthread.

Ifute tu. Bionic, libc ya Android, ina thredi ndani tayari.