Ameomba kwa adabu

Wiki hii mliuliza iwapo santuri za zamani za muziki wa kantri zina sauti nzuri kuliko nyimbo zilezile zikichezwa kwenye simu. Kwa sauti peke yake simu inashinda, nami nasema hivyo nikiwa na rafu nzima ya santuri za Jim Reeves, Skeeter Davis na Charley Pride, waimbaji wa kantri wa Marekani, sebuleni. Santuri nyingi zinazouzwa Nairobi, Kenyatta Market na kwingineko, zilikwisha kuliwa mifereji yake ya sauti na sindano butu kabla hazijatufikia. Kwangu swali zito ni nani anayesikiliza pamoja nawe.

Mjomba wangu wa Nakuru alikuwa akipiga santuri Jumapili alasiri, baada ya ibada. Alizishika kwa kingo tu, na mtoto aliyegusa uso wa santuri alitolewa nje. Wageni wake, watu wa kanisa, walimjua Reeves kama mwimbaji wa nyimbo za dini, kwa kuwa waliyoizoea ni albamu ya We Thank Thee ya mwaka 1962. Siku moja upande wa pili ulipokwisha, mjomba aliweka santuri nyingine pasipo kutangaza, ikaanza He'll Have to Go. Sauti ni ileile, nzito na ya taratibu, ya mtu aliyekaribia mno kipaza sauti. Mzee mmoja wa kanisa alifumba macho, akatikisa kichwa, na haukupita muda akawa anaitikia. Binti ya mjomba, mwalimu wa Kiingereza, alimwacha amalize, ndipo akamweleza: “Samahani, Mzee, huyu yuko baa, anampigia simu mwanamke ili amwondoe mwanamume aliye naye.” Mzee alitafakari, akasema, “Lakini ameomba kwa adabu.” Ikapigwa tena.

Adabu hiyo ilitengenezwa kwa makusudi. Chet Atkins, aliyesimamia rekodi za Reeves katika kampuni ya rekodi ya RCA Victor huko Nashville, Marekani, aliilainisha kantri kwa kuweka waitikiaji na ala tulivu mahali pa fidla za vijijini. Reeves alifariki katika ajali ya ndege Julai 31, 1964, lakini kampuni iliendelea kutoa albamu zake kwa miaka mingi, kwa hiyo muuzaji anayekuapia kwamba kila santuri ya Reeves ni adimu anakutafutia hasara.

Ninapoandika haya naona kwamba simu isingetuletea kicheko kile. Mtu angeuruka wimbo kwa kidole, ilhali upande mmoja wa santuri huwaweka watu pamoja kwa dakika ishirini hivi, kwa sababu hakuna anayetaka kuinuka. Basi mkinibana nitajibu santuri, ijapokuwa nimekwisha kuipa simu ushindi, na kwa masharti: sindano iwe mpya, wageni wawepo, na iliyopinda irudishwe kwa muuzaji hata akikupunguzia bei.