Sensa ikiuliza jinsia, inauliza nini hasa?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu sensa na swali la jinsia. Nimechagua sita na kuzifupisha.

Kazi ya sensa ni kuhesabu watu. Kwa nini iingilie jinsi mtu anavyojitambua?

Sensa haijawahi kuishia kwenye idadi ya watu. Inauliza umri, elimu, ndoa, hata aina ya choo, kwa sababu mipango hupangwa kwa kilichoandikwa kwenye dodoso. Kundi ambalo halimo kwenye dodoso, kwenye bajeti pia halimo. Utambulisho wa kijinsia, yaani mtu anavyojijua kuwa mwanamume, mwanamke, au si mmoja kati ya hao wawili, hauonekani kwa macho wala hausomeki kwenye cheti cha kuzaliwa. Ni lazima mwenyewe aulizwe.

Kenya ilihesabu huntha mwaka 2019. Si ndio hao hao waliobadili jinsia?

Hapana, na nawaomba sana tusiwachanganye. Huntha amezaliwa na maumbile ambayo hayakai moja kwa moja upande wa kiume au wa kike. Kenya ilikuwa ya kwanza Afrika kuwahesabu, ikapata 1,524 kati ya watu 47,564,296. Swali lile lilihusu mwili. Mtu aliyebadili jinsia habari yake ni nyingine: alipozaliwa aliandikishwa jinsia fulani, lakini yeye anajijua kuwa wa jinsia tofauti na hiyo. Huntha wengi hujitambua kuwa wanaume au wanawake tu, kama jirani zao.

Wakitiwa kapu moja, hesabu inaharibika. Mwaka 2011 India iliweka chaguo la tatu, "nyingine", na watu 487,803 wakaingia humo. Kati yao, watoto wapatao 55,000 walikuwa hawajafika miaka 7. Mtoto wa miaka miwili hajajaza chochote; kuna mtu mzima aliyemjazia, nasi hatuwezi kujua alikuwa akisema kuhusu mwili wa mtoto au kitu kingine.

Nchi nyingine zimeuliza kwa maneno gani?

Kanada, mwaka 2021, iliuliza mara mbili: jinsia ya mtu alipozaliwa, kisha jinsia yake sasa, na nafasi ya kuandika kwa maneno yake. Majibu mawili yakilinganishwa, picha inajitokeza yenyewe. Walipatikana watu 100,815 waliobadili jinsia au wasiojitambua kuwa wanaume wala wanawake, asilimia 0.33 ya wenye miaka 15 na zaidi. Uskoti mwaka 2022 iliuliza moja kwa moja kama mtu anajihesabu kuwa amebadili jinsia au ana historia hiyo. England na Wales waliunganisha mambo mawili katika sentensi moja, na hapo ndipo pana somo.

Ni kweli kwamba England kuna watu walijibu bila kuelewa?

Dalili zinaelekea huko. Mwaka 2021 swali lilikuwa hivi, kwa Kiswahili changu: je, jinsia unayojitambua nayo ni sawa na jinsia uliyoandikishwa ulipozaliwa? Liliwahusu wenye miaka 16 na zaidi, na kulijibu ilikuwa hiari. Watu 262,000 walijibu hapana, asilimia 0.5. Lakini 118,000 kati yao hawakuandika utambulisho wao ni upi. Na mitaa iliyoongoza kwa majibu ya hapana ilikuwa Newham na Brent, London, mahali ambapo Kiingereza ni lugha ya pili kwa wakazi wengi.

Jiweke kwenye nafasi ya mama aliyejifunza Kiingereza ukubwani. Anasoma sentensi ndefu yenye "jinsia" mara mbili kwa maneno mawili tofauti, na kitendo cha "kujitambua" ambacho hajawahi kukisikia sokoni wala kazini. Anaweka alama mahali fulani, anaendelea na swali linalofuata. Septemba 2024 takwimu hizo zilishushwa daraja, zikawa takwimu zinazoendelea kuboreshwa. Wanaoumia kwa kosa hili ni walewale waliotaka kuhesabiwa, kwa maana sasa kila namba yao inatiliwa shaka.

Nasi tusijione salama. Wasomi wetu wengine hutenga "jinsi", kwa maana ya maumbile, na "jinsia", kwa maana ya nafasi ya mtu katika jamii. Lakini mwambie mtu wa kawaida "jinsi", atasubiri umalizie: jinsi gani? "Jinsia" ndiyo inayobeba yote mawili. Kwa hiyo swali la sentensi moja kwa Kiswahili litapotea njia mapema zaidi. Ningechagua maswali mawili mafupi, kama Kanada: "Ulipozaliwa uliandikishwa mwanamume au mwanamke?" Halafu: "Sasa wewe unajitambua kuwa nani?"

Nilikuwa karani. Kaya nyingi alijibu baba kwa niaba ya wote, na kwenye jinsia nilitazama tu nikajaza. Nilikosea?

Ndugu yangu, asante kwa ukweli wako. Kwa utaratibu, jinsia nayo huulizwa, hata ukiona aibu kuiuliza. Lakini hilo la baba ndilo zito zaidi. Mfikirie kijana ameketi kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwako, baba anataja majina, wewe unabonyeza kishikwambi. Hata swali lingeandikwa vizuri namna gani, jibu linatoka kinywani mwa mtu asiyelijua, au analijua na hataki lisikike. England na Wales mtu wa miaka 16 na zaidi aliweza kuomba dodoso lake peke yake, bila kumwambia yeyote nyumbani. Bila njia kama hiyo, naona heri swali hili lisiulizwe mlangoni kabisa. Kumlazimisha kijana yule achague kati ya uongo na kufukuzwa nyumbani ni ukatili.

Je, jibu langu litafika kwa mwajiri au polisi?

Sheria za sensa kwa kawaida zinakataza, na England dodoso la mtu hufungwa miaka 100. Hatari nyingine huwa kwenye majedwali: kijiji kidogo kikionyesha mtu mmoja tu wa kundi fulani, wanakijiji watamjua bila jina. Ndiyo maana Kanada, kwenye takwimu za maeneo madogo, huwagawa wasiojitambua kuwa wanaume wala wanawake katika makundi mawili makubwa ya wanaume na wanawake. Kabla hujajibu, una haki ya kumuuliza karani mambo matatu: kama swali ni la hiari, nani ataliona jibu, na kama unaweza kujaza mwenyewe. Asipokuwa na majibu, na swali likiwa la hiari, liruke.