Je, kiwewe cha Korona kiliwapata zaidi wanawake, au wanaume walinyamaza?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi, nasomea afya ya akili. Tafiti za kipindi cha Korona zinasema wanawake walikuwa na dalili nyingi za kiwewe kuliko wanaume, ilhali waliokufa zaidi ni wanaume. Ni homoni, au wanaume hawasemi?

JIBU: Marahaba. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika mwanzoni mwa 2020, siku chache baada ya Wuhan, mji wa China ulikoanzia mlipuko, kufungwa Januari 23. Walihojiwa wakazi 285 wa Wuhan na miji jirani, na asilimia 7 hivi walikutwa na dalili nzito. Wanawake waliwazidi wanaume katika mambo matatu: tukio kujirudia akilini, fikra na hisia kugeuka mbaya, na mwili kukaa chonjo, yaani kushtukashtuka na kukosa usingizi. Tabia ya kukwepa vinavyokumbusha tukio haikuwemo. Kama kisa kingekuwa ukimya wa wanaume tu, ningetarajia pengo kila mahali.

Tena pengo hili ni la zamani. Utafiti wa kitaifa wa Marekani uliochapishwa 1995 ulikuta asilimia 61 ya wanaume wamewahi kupatwa na tukio la kutisha, wanawake 51. Lakini waliougua ugonjwa wa kiwewe (PTSD) walikuwa asilimia 10 ya wanawake na 5 ya wanaume. Homoni zina mchango, maana estrojeni, homoni ya kike, hugusa namna ubongo unavyojifunza kuzima hofu, ila mimi sizipi uzito wote. Wanawake wengi zaidi hubeba kidonda cha ukatili wa kingono, mara nyingi tangu utotoni. Janga linapokuja linakitonesha. Na wodini je? Duniani, wahudumu wa afya 7 kati ya 10 ni wanawake, na wakirudi nyumbani uuguzi unaendelea.

Uwe mwangalifu na neno moja: dalili. Dodoso la PCL-5, linalopima dalili za kiwewe, lina maswali 20, na alama zake hazitoshi kuthibitisha ugonjwa. Kwa vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, lazima mtu awe amekabiliwa na kifo, jeraha kubwa au ukatili wa kingono, na dalili zidumu zaidi ya mwezi. Hofu ya kutazama taarifa ya habari haihesabiki. Muuguzi aliyeona wagonjwa wakikata roho kwa kukosa hewa, huyo anahesabika.

Kuhusu wanaume, hujakosea kabisa. Ukimuuliza "unaogopa?" atakataa. Muulize analala saa ngapi, pombe imeongezeka kiasi gani, na mara ya mwisho alimfokea nani nyumbani.