Inhela ya bluu inanitetemesha mikono. Niiache?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Nina miaka 38 na nina pumu tangu utotoni. Natumia inhela ya bluu ya salbutamol, na kabla ya kulala nameza kidonge cha salbutamol cha miligramu 4. Siku hizi mikono inatetemeka hadi chai inamwagika, na moyo unaenda mbio. Kopo moja la inhela linaisha kwa mwezi. Jirani anasema inhela inaharibu moyo na ukiizoea huiachi, afadhali nibaki na vidonge. Nifanyeje? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Marahaba dada. Inhela usiiache. Kati ya hivyo viwili, mimi ningeanza kukitilia shaka kidonge.

Piga hesabu. Mpulizo mmoja wa inhela ya kawaida una mikrogramu 100 za salbutamol. Kidonge chako kina mikrogramu 4,000, sawa na mipulizo 40 kwa mkupuo. Dawa ya kuvuta inafika moja kwa moja kwenye njia za hewa, na ndani ya dakika kama tano kifua kinaanza kuachia. Ya kumeza inapitia tumboni, inaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima. Ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unadunda. Kichwa kuuma na misuli ya miguu kukaza hutokana na dawa hiyohiyo. Kwa dozi ya kawaida haya yote husumbua kwa saa chache, kisha hupoa. Dozi kubwa zikifuatana, hasa ukichanganya na aminofilini (dawa nyingine ya pumu), hushusha madini ya potasiamu kwenye damu, na hapo mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika kweli. Mwenye ugonjwa wa moyo amweleze daktari mapema.

Tahadhari moja. Ukifika duka la dawa ukasema tu "moyo unaenda mbio", unaweza kupewa propranololi, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo. Kwa mwenye pumu, dawa hiyo hubana njia za hewa na kuizuia salbutamol isifanye kazi. Taja pumu kwanza, kila mara, hata ukienda kununua dawa ya maumivu: aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huamsha pumu kwa baadhi ya watu.

Sasa hilo la kopo, ambalo umelitaja kama jambo dogo. Kopo lina mipulizo 200. Likiisha kwa mwezi, unavuta mara sita au saba kwa siku. Wanaomaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, na wanaofikisha 12 hatari ya kufa huongezeka. Wewe unaelekea 12. Salbutamol hulegeza misuli tu, haigusi uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, na uvimbe huo ndio pumu yenyewe. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya pumu, uitwao GINA, haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Unahitaji dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe, kama beklometasoni au budesonidi, kila siku hata ukiwa mzima. Matokeo hayaonekani siku ya kwanza, na kila ukivuta sukutua mdomo na uteme, usije ukapata utando mweupe mdomoni. Uvimbe ukitulia, ya bluu utaihitaji mara chache. Huko "kuizoea" anakokusema jirani mara nyingi ni pumu isiyotibiwa.

Pia mwombe mhudumu akutazame unavyovuta. Wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, dawa ikaishia kooni. Tikisa kopo, toa pumzi, anza kuvuta taratibu huku ukibonyeza, kisha zuia pumzi hadi sekunde 10. Ikikushinda, chukua chupa ya maji ya nusu lita, safi na kavu, toboa kitako tundu linaloshika mdomo wa inhela, bonyeza mara moja na uvutie kwenye shingo ya chupa.

Nenda kliniki wiki hii na dawa zako zote mkononi, umweleze daktari kuhusu kopo la kila mwezi, naye ndiye aamue juu ya kidonge. Lakini ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au nafuu ya inhela ikidumu muda mfupi tu, usisubiri kliniki. Vuta mipulizo 4 hadi 10 ya inhela ya bluu kwa kutumia ile chupa, mmoja mmoja, rudia kila dakika 20, na uwe tayari uko njiani kwenda hospitali.