Redio ya masafa mafupi kwa bajeti ndogo: pesa iende wapi

Mwenye bajeti ndogo asihangaike na kebo ya bei ghali ya kuunga antena na redio. Kwenye masafa mafupi, yaani megahezi 3 hadi 30, kelele zinazoingia kupitia antena ni nyingi kuliko zile za redio yenyewe. Kebo ikipoteza kidogo, kituo na kelele hupungua pamoja, na usikivu unabaki vilevile. Kebo ya kawaida ya televisheni, RG-6, kwa urefu wa mita 20 haipotezi hata desibeli 1 (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kwenye megahezi 10. Ni ya omu 75 na redio nyingi zimepangiwa 50, lakini kwa kusikiliza tu hilo halidhuru. Wavu wake, yaani nyuzi zilizosukwa kuzunguka kebo kwa ndani ya ganda, mara nyingi ni alumini, solda haishiki. Tumia viunganishi vya kubana.

Pesa iende kwenye redio. Itafute yenye tundu la antena ya nje, namba za kubonyeza masafa moja kwa moja, na uwezo wa kubana upana wa mapokezi hadi kilohezi 3 au 4, kwani vituo hupangwa kila baada ya kilohezi 5 na jirani mwenye nguvu humfunika mnyonge. Bila SSB, aina ya mawimbi ya sauti inayohitaji redio maalumu kuisoma, hutaelewa mazungumzo ya wanaredio wa ridhaa.

Antena yenyewe ni waya wa umeme wa mita 10 hadi 15, juu na mbali na nyumba. Hapa ndipo kebo inapofanya kazi yake: kuvuka eneo la chaja na taa za LED bila kuokota uchafu wao. Ukiunga waya na kebo hivihivi, kelele za nyumba hupanda kwa nje ya wavu na kuingia kwenye antena. Weka katikati yao transfoma ya 9:1, yaani nyaya mbili zilizozungushwa kwenye pete ya feraiti (madini ya sumaku) aina ya 43: mizunguko 9 upande wa antena, 3 upande wa kebo, na nyaya hizo mbili zisigusane. Mwisho mmoja wa ile 9 uende kwenye waya wa antena, mwingine kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini hapohapo chini. Usitumie erthi ya nyumba. Imejaa kelele zilezile unazozikimbia.

Vituo vya mawimbi ya kati vikianza kusikika mahali pasipo pao, redio imezidiwa. Redio ndogo hupatwa na hili upesi. Weka swichi ya redio kwenye LOCAL, inayopunguza usikivu wake, au fupisha waya hadi mita 6.

Radi zikikaribia, hata kwa mbali, chomoa kebo na uiache nje ya nyumba.

Unapopima antena, tumia betri, na usiamini vijiti vya nguvu ya mawimbi kwenye kioo cha redio, maana kelele nazo huvipandisha. Chagua kituo dhaifu, usiku kwenye bendi ya mita 49 au 41 (karibu megahezi 6 au 7), mchana kwenye bendi ya mita 19 (karibu megahezi 15), kisha linganisha maneno unayoyashika antena ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa.